Kutoka Mwanza hadi Dar kwa gari la umeme: foleni ya chaja inavyohesabiwa

"Hilo linafika Dar?" Mwenye gari la umeme hapa Mwanza haegeshi popote, iwe Nyegezi, Buzuruga au Kirumba, bila kuulizwa swali hilo. Na kabla hajafungua mdomo, waliosimama pembeni wameshamjibia. Mmoja anaapa kwamba gari litazimika Tinde na kurudi mjini juu ya lori. Mwingine ameona kwenye simu gari la Kichina linalokwenda kilomita 500 kwa chaji moja, kwa hiyo kwake habari imekwisha: unachaji mara moja njiani, unaingia Kimara. Desemba ikikaribia na watu wakianza kupanga safari za sikukuu, ubishi unakolea.

Wote wawili wanabishania betri. Kwa maoni yangu wanaangalia pasipo. Betri nyingi za leo zinatosha kwa barabara yetu. Kinachoamua kama utafika usiku huo au kesho yake ni dakika ambazo kila gari linakaa kwenye chaja, na idadi ya plagi zilizopo pale mlipofika wengi kwa wakati mmoja.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Uniti ya gari ni ileile uniti ya LUKU. Ukinunua umeme wa shilingi 10,000 nyumbani kwa bei ya kundi la T1, unapata uniti 28. Betri iliyoandikwa 60 kWh ni betri inayobeba uniti 60, basi. Kilowati ni kitu kingine: ni kasi ya umeme kuingia au kutoka. Pasi ya kilowati moja ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Chaja ya kilowati 50 ikifanya kazi saa nzima bila kupungua imeingiza uniti 50. Kwa hiyo mtu akikuambia "betri yangu ni kubwa", amekueleza atakwenda umbali gani. Hajakueleza atakaa kwenye plagi kwa muda gani.

Gari dogo la umeme kwenye lami hula kama uniti 16 kwa kila kilomita 100. Kubwa kubwa, yale ya umbo la Prado, yanafika 20 na kuzidi. Mwendo una nguvu sana hapa, kwa sababu upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 110, upinzani unakaribia kuwa maradufu. Barabara yetu, pamoja na vibao vyake vya 50 kila penye kijiji, matuta na askari wenye tochi, inamlinda mwenye gari la umeme bila mwenyewe kujua. Kila unapopunguza mwendo kabla ya tuta, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Dereva wa petroli anayechukia vijiji vya Shinyanga hadi Igunga angeshangaa kuona mwenzake wa umeme anavyonufaika navyo.

Kuchaji nako kuna njia mbili. Ya kwanza ni soketi ya kawaida, umeme wa AC, yaani ule unaogeuka mwelekeo kila mara. Betri haipokei AC, inapokea DC, umeme wa mwelekeo mmoja, kwa hiyo ndani ya gari kuna kifaa kinachogeuza, na kifaa hicho ni kidogo. Ukichomeka kwenye soketi ya nyumbani kwa ampea 10, unaingiza kama kilowati 2.3. Saa kumi za usiku zinakupa uniti 23, yaani kilomita 140 hivi. Ya pili ni chaja ya kasi, lile kabati kubwa la kusimama lenye waya mnene kama mkono wa mtoto. Kugeuza kunafanyika ndani ya kabati, DC inaingia moja kwa moja kwenye betri, na kasi inaanzia kilowati 50 hivi kwenda juu, nyingine zikipita 300. Safari ndefu inategemea njia hii ya pili. Soketi ya gesti si mpango wa safari ya siku moja, ni mpango wa kulala.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa magari hawalisemi kwa sauti. Chaja ya kilowati 50 haitoi kilowati 50 mwanzo hadi mwisho. Ndani ya betri, chembe za lithiamu zinasafiri kutoka upande mmoja kwenda kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafaiti upande wa pili. Betri ikiwa tupu nafasi ni nyingi na zinaingia kwa kasi. Nafasi zinapokwisha, ukizisukuma kwa nguvu ileile zinaganda juu ya grafaiti badala ya kuingia ndani, na hapo betri inaharibika moja kwa moja. Kompyuta ya gari inalijua hilo, kwa hiyo kuanzia kama asilimia 80 inaikataza chaja: punguza. Matokeo yake, asilimia 20 za mwisho zinaweza kula muda mrefu kama ule uliotumika kupanda kutoka 40 hadi 80. Ni vyema kulishika hili, maana ndilo linalozaa foleni.

Tuiweke safari mezani. Mwanza hadi Dar ni kama kilomita 1,150 kwa Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Chukulia gari la uniti 60, linalokula 16 kwa kila kilomita 100. Unaondoka Mwanza saa kumi na moja alfajiri, betri imejaa. Hadi Nzega ni kama kilomita 240, umetumia uniti 38, umebakiwa na asilimia 37 hivi. Unachaji hadi 80, dakika kama 35 pamoja na kuchomeka na kulipa. Nzega hadi Singida ni kilomita 210, lakini humo kuna mlima Sekenke. Pale kipimo cha betri kinashuka kwa kasi inayotisha wageni, halafu ukiwa juu kinatulia. Singida unachaji tena, kama dakika 45. Dodoma vilevile, na hapo ni busara kuongeza kidogo kupita 80, kwa sababu Morogoro ni kilomita 260. Ardhi inakusaidia, maana kutoka Dodoma hadi Morogoro unashuka zaidi ya mita 600. Morogoro unachaji mara ya mwisho, kisha Dar.

Jumla ya kusimama ni kama saa tatu, juu ya saa 15 au 16 za kuendesha. Kwa watu wanaosafiri na watoto, wanaokula Singida na kunyoosha miguu Dodoma, sehemu kubwa ya saa hizo ingetumika hata kwa gari la petroli. Umeme wote ni kama uniti 185. Ungeununua kwa bei ya nyumbani ungekuwa shilingi 66,000 hivi, kabla ya kiasi kinachopotea wakati wa kuchaji. Chaja ya barabarani ni ghali kuliko LUKU, na ni haki yake, kwa sababu mwenye chaja ana mtaji wa kurudisha. Hata ikiwa mara mbili, bado inaishinda petroli kwa mbali. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita linahitaji lita 115 kwa safari hiyo, na bei ya lita unaisikia mwenyewe EWURA wanapotangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Hesabu hiyo yote ina sharti moja kubwa: kwamba kila ulipofika ulikuta chaja ya kasi, inafanya kazi, na haina mtu. Chaja hizo hazijasambaa kwenye barabara hii kama sheli zilivyosambaa, na zitakaposambaa, Desemba itakuwa na jambo lake la kusema.

Watu wa huku hawahitaji kufundishwa foleni. Kabla ya Daraja la JPM kufunguliwa Juni 2025, tulivuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko. Haikujalisha una Land Cruiser mpya au pikapu ya mwaka 1990. Uliyekuta magari arobaini mbele yako ulisubiri, kwa sababu kilichoamua ni magari mangapi kivuko kinabeba kwa safari moja na kinarudi baada ya muda gani. Chaja nayo ni hivyo hivyo. Ukubwa wa betri yako haukusogezi mbele hata hatua moja.

Pampu ya mafuta inahudumia gari moja kwa dakika tano, yaani magari 12 kwa saa. Plagi moja ya kasi, kila gari likikaa nusu saa, inaachia magari mawili. Maana yake plagi sita ndizo zinazofanya kazi ya pampu moja. Sasa chukua magari kumi ya umeme yaliyoondoka Mwanza alfajiri ileile ya tarehe 22 Desemba, yote yakafika Nzega saa mbili na kitu asubuhi. Kuna plagi moja tu, na kila mmoja anachaji dakika 35. Wa kumi anasubiri saa tano na robo kabla hajagusa waya. Si kwamba gari lake bovu. Ni kwamba tisa wamemtangulia.

Halafu wasiwasi unaingia. Watu wakiona foleni wanajiambia: nimesubiri hivi, siondoki hapa hadi ijae kabisa. Kila mmoja anakwenda hadi 100, ile sehemu ya polepole, na dakika 35 zinakuwa 70. Wa kumi sasa anasubiri saa kumi na nusu. Umeme walioongeza ni uniti 12 kila mmoja. Hofu ya foleni inazaa foleni, na hili si la kubuni: California, wakati wa mapumziko ya Thanksgiving mwaka 2019, wenye magari ya Tesla walipanga mstari mrefu nje ya kituo cha Kettleman City, mahali penye chaja nyingi kuliko tunazoweza kuota kwa sasa, kwa sababu wote walirudi nyumbani siku moja. Na kwetu, wenye magari ya gesi Dar wanajua vizuri maana ya nishati ya bei nafuu yenye vituo vichache.

Rudi Nzega, weka plagi sita badala ya moja. Sita wa kwanza wanachomeka papo hapo, wanne waliobaki wanasubiri dakika 35, na ifikapo saa nne asubuhi hakuna mtu pale. Ndiyo maana siungi mkono mtindo wa kujivunia kwamba kila mji umepata chaja moja. Inapendeza kwenye ramani, lakini chaja moja ikiharibika mji wote umefungwa, na ikiwa nzima, sikukuu inaizidi. Afadhali Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro ziwe na plagi sita sita kuliko miji kumi na tano iwe na moja moja. Na muulize mwenye kituo kabla hujamsifu: plagi zako mbili zinagawana umeme? Makabati mengi yenye waya mbili hugawa nguvu yakichomekewa magari mawili, kwa hiyo ile 60 iliyoandikwa mbele inakuwa 30 kwa kila mmoja.

Hapo watu husema basi nchi haina umeme wa kutosha. Umeme wa kuzalisha si tatizo la chaja. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Chaja ishirini za kilowati 50 zikiwaka kwa pamoja ni megawati moja tu. Njia kuu ya msongo mkubwa iliyojengwa kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, kuanzia Dodoma inafuatana na barabara tunayoizungumzia hapa. Ugumu uko kwenye hatua za mwisho, kutoka kwenye nguzo hadi kituoni. Transfoma ya kVA 200, yaani isiyoweza kutoa zaidi ya kilowati 200, inayolisha mtaa mzima haiwezi kubeba plagi sita za kilowati 50, ambazo ni kilowati 300, huku mashine za kusaga na friji za mtaani zikiwa juu yake. Kituo kinahitaji transfoma yake, na transfoma hiyo ni gharama kubwa inayolipwa kabla ya gari la kwanza kufika. Ndiyo sababu mwenye sheli anasita, na simlaumu.

Umeme ukikatika? Chaja inazima, ndiyo. Pampu ya mafuta nayo inazima hadi jenereta iwashwe, tofauti ni kwamba jenereta ndogo inaisukuma pampu na haiwezi kusukuma kabati la kilowati 50. Wapo wanaoweka betri kubwa kituoni, inayojazwa taratibu usiku na kuachia kwa kasi mchana. Hiyo inapunguza ukubwa wa transfoma na pia inavusha mgao mfupi.

Mengine ya kijiweni yanajibika haraka. Mvua haikupigi shoti wakati wa kuchaji. Gari na chaja huzungumza kwanza kupitia nyaya ndogo ndani ya plagi, na umeme mkubwa hauachiwi hadi pande zote zithibitishe kwamba plagi imekaa na hakuna panapovuja. Kiyoyozi hakimalizi betri: kikila kilowati moja kwa saa tano ni uniti tano, kama kilomita 30 tu. Na Toyota Aqua si gari la umeme la kuchaji. Hilo ni haibridi, linajichajia lenyewe kwa injini na breki, halina hata tundu la kuchomeka waya, kwa hiyo aliyekwenda Dar na Aqua hajathibitisha lolote katika mjadala huu.

Kuna jambo moja nataka wanunuzi wa magari yaliyotumika wanisikilize vizuri, kwa sababu hela inapotea hapa. Nissan Leaf zinazotoka Japani zina matundu mawili: moja dogo la AC la aina ya Type 1, na moja kubwa la DC liitwalo CHAdeMO. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China hutumia GB/T. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na masoko mengi ya nje hutumia CCS2. Plagi hizi haziingiliani. Unaweza kufika kwenye chaja inayowaka, haina foleni, na usiweze kuitumia. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya tundu likiwa wazi, siyo picha ya rimu. Halafu mwombe picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Kwenye Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji kuna vistari vyembamba 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Vikiwa 12 betri bado ina nguvu yake, vikiwa nane imeshachoka sana. Leaf ya mwanzo yenye betri ya uniti 24 hata ikiwa mpya ilikuwa ya kilomita mia na kitu. Ikishachoka ni gari zuri la Ilemela kwenda kazini, siyo la Dar. Tena betri ya Leaf hizi zilizotumika haina mfumo wa kupoza, hivyo ukiichaji kwa kasi mara tatu kwa siku moja kwenye joto inachemka, na gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji. Ile dakika 45 ya Singida inakuwa saa na nusu, na nyuma yako kuna watu.

Safari za huku ziwani ni nyepesi zaidi. Musoma ni kilomita 220 hivi, betri ya uniti 60 inafika na kubakiza zaidi ya theluthi. Wengi wanaokwenda nyumbani sikukuu hawarudi siku hiyohiyo, wanakaa siku tatu, nne, wiki. Hapo ndipo soketi ya kawaida, ile niliyosema ni ya kulala, inapokuwa msaada mkubwa kuliko chaja yoyote: usiku mbili kwa ampea 10 zinarudisha uniti 46. Ila angalia nyaya za nyumba ya mzee. Usitumie eksteshen nyembamba ya kuchajia simu. Itapata joto, plastiki italainika, na soketi itaungua usiku mmelala. Hakikisha soketi ina ethi ya kweli, shusha chaja hadi ampea 8 kama nyumba ni ya zamani, na baada ya nusu saa shika plagi kwa mkono. Ikiwa ya vuguvugu sawa, ikiwa ya kuunguza chomoa. Na mwachie mzee hela ya LUKU kabla hajaona uniti zake zimekwisha.

Hilo linabadilisha foleni ya Januari kuliko watu wanavyodhani. Anayeondoka Sengerema akiwa amejaza usiku kwa baba yake, akavuka daraja na kushika barabara ya Shinyanga, anafika Nzega na robo ya betri. Anahitaji plagi kwa dakika 40, anachomoa ikifika 80, na aliye nyuma yake anachomeka. Anayetokea Dar kuja huku aongeze kidogo kwenye hesabu yake: kutoka usawa wa bahari hadi ziwani ni kupanda mita 1,134, na kwa gari la tani mbili huo mlima peke yake ni uniti sita, ambazo ni bora azichaji Morogoro kuliko kuzitafuta njiani akipanda kwenda Dodoma.